Msiizime Sauti

Wanangu na wajukuu zangu mnaorekodi ngoma zetu, nawasalimu kutoka Simanjiro.

Ninawaandikia kwa Kiswahili ili hata ninyi mliokulia mjini, ambao Kimasai chenu kimebaki cha salamu, msome wenyewe.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha video. Morani wanaruka, sekunde 15, na juu yake mtu ameweka muziki wa disko. Nikamuuliza, wanaimba nini? Hajui. Olaranyani, yule anayeongoza wimbo, ni nani? Hajui. Roho iliniuma. Sisi hatuna ngoma ya kupiga wala zeze. Koo za watu ndizo ngoma yetu, na anayeruka anainuliwa na zile sauti. Ukizizima, umebaki na vijana wanaorukaruka tu.

Tena kuruka ni kipande kidogo cha Eunoto, sherehe ya morani kunyolewa na kuelekea utu uzima. Mimi ni wa rika la Makaa, na ninachokikumbuka zaidi ni kuikalia ngozi ya ng'ombe huku mama akininyoa nywele nilizozifuga miaka yote ya umorani. Wenzangu walilia. Wembe ulipopita, ujana wetu ulikuwa umekwisha. Hayo siyaoni kwenye simu zenu, labda kwa kuwa ni mambo ya kimya.

Mwaka 2018 UNESCO iliziweka Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe tatu za wanaume kuvuka rika, za ndugu zetu wa Kenya katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Basi jueni mnachokishika mkononi.

Simu siikatai. Imetusaidia kupata ng'ombe waliopotea, na redio yetu ya ORS pale Terrat imetufaa sana wafugaji. Ninachowaomba ni hiki: acheni sauti ilivyo. Andikeni wimbo unaitwaje, umeimbwa kijiji gani, olaranyani alikuwa nani. Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi, na wazee wakisema hapa hapana, wekeni simu mfukoni. Na akija mtu na kamera yake akitaka mruke mchana wa jua kali, siku isiyo na sherehe yoyote, kwa elfu mbili tatu, mkataeni.

Bibi yenu bado anazikumbuka nyimbo ambazo wanawake huimba kumwomba Enkai, yaani Mungu, mvua na watoto. Amekubali kurekodiwa, mradi zibaki nyumbani kwanza. Njooni Jumamosi jioni, ng'ombe wakisharudi. Simu zije na chaji. Bomani kwetu hakuna umeme.