Sanduku letu likivuka mpaka, nani anabaki na dhima? Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa CMSA

Ndugu Mtendaji Mkuu,
Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Nakuandikia kutoka Tandika, mimi mweka hazina wa kikoba chenye wanachama 26.

Sanduku letu lina kufuli tatu. Linalala kwangu, funguo wanazo wenzangu watatu, na anayepitisha mikopo hashiki hata mmoja. Kwa hiyo tulipoelezwa habari za vipande vya mfuko wa uwekezaji, ambamo watu wengi huchanga fedha zikawekezwa pamoja, nilielewa upesi: meneja anaamua kinunuliwe nini, lakini mali zinashikwa na benki iliyo mtunza dhamana, yaani hisa na hatifungani za mfuko. Tukanunua.

Sasa tumeambiwa mfuko utanunua pia hisa Nairobi na hatifungani Kampala. Ni jambo jema, na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lipo tangu Julai 2010. Ila mwenzetu mmoja, muuza vitenge Kariakoo, aliuliza: "Hizo za Nairobi anazishika nani?" Afisa mauzo akasema benki yetu ina wakala wake huko. Je, wakala akizipoteza? Akanyamaza. Nami nimeusoma waraka wa matarajio, ule unaoueleza mfuko kwa wawekezaji, mara mbili. Unasema tu kwamba mtunza dhamana anaweza kukasimu kazi yake.

Naomba nieleweke vizuri. Bei ya hisa ikishuka, hasara ni yetu, tulikubali tangu mwanzo. Lakini hisa yenyewe ikitoweka mikononi mwa aliyepewa kuitunza, hilo si soko tena. Ni sanduku kuvunjwa.

Ulaya walijifunza kwa machungu. Mwaka 2008 utapeli wa Bernard Madoff, meneja wa fedha wa Marekani, ulipofichuka, ilionekana kuna mifuko ya Luxembourg ambayo mali zake zilikasimiwa kampuni ya Madoff huyohuyo. Mwizi ndiye alikuwa mlinzi! Waliowekeza wakahangaika miaka mingi mahakamani, maana dhima ya mtunzaji ilitofautiana nchi na nchi. Kanuni walizoanza kuzitumia Machi 2016 kwa mifuko ya wawekezaji wa kawaida zinasema waziwazi: dhamana ikipotea kwa wakala, mtunzaji mkuu anairudisha bila kuchelewa, na mkataba hauwezi kumvua jukumu hilo. Anasalimika tu akithibitisha kwamba chanzo ni tukio la nje lililomzidi uwezo. Mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wa muuza vitenge.

Siombi mfunge mpaka. Naomba kanuni kama hiyo hapa kwetu: benki iliyopewa leseni na Mamlaka yako iwajibike kwa mali yetu popote Afrika Mashariki itakapoipeleka. Kesi ya Nairobi hatuiwezi, hata nauli hatuna. Naomba pia mkubaliane na wenzenu wa Kenya na Uganda kwamba mali za mfuko ziandikwe mbali na za wakala, ili akifilisika wadai wake wasizihesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na waraka wa matarajio utaje jina la wakala huyo, kwa Kiswahili, ukurasa wa mwanzo.

Kikoba kinakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Yule mama wa vitenge ameshasema atauliza tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mweka hazina wa kikoba, Tandika, Dar es Salaam