Barua kwa mwanangu: usiitoe boti ya babu yako

Gosport, Uingereza

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila baridi imeshaanza kuuma. Ujumbe wako niliusoma kazini kwa haraka, kisha nikaurudia nyumbani baada ya chakula. Unasema pale Mtongwe, Mombasa, amekuja mtu anaitaka boti ya babu yako. Mashine ataitoa, misumari ya shaba ataiuza kwa kilo, na mbao zilizobaki zitakwenda hotelini zikatengenezwe meza. Unaniuliza tukubali au tukatae.

Mimi nakataa, na nataka ujue sababu. Uchungu wa mtoto kwa babaake upo, sikufichi, lakini kuna mambo niliyoyaona huku ambayo wewe hujayaona, na bila kuyajua huwezi kuitazama ile boti sawasawa.

Hapa Gosport tumetazamana na Portsmouth, bandari katikati, na feri huvuka kwa dakika chache tu. Siku zangu za mapumziko napenda kupita gatini. Huku kuna watu wanaotunza boti za mbao za mashine, za miaka themanini, tisini, mia. Wengi ni wastaafu wasiolipwa hata senti. Wanakwangua, wanakalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, wanapaka rangi, na ukiwasalimia kwa adabu wanakukaribisha ndani.

Iko moja inaitwa Medusa. Iliundwa Poole mwaka 1943, urefu wake futi 72, yaani kama mita 22. Zilikuwa nyingi za aina yake, boti ndogo za kulinda midomo ya bandari dhidi ya manowari za chini ya maji. Ubavu wake ni tabaka mbili za mbao za mkangazi. Ya ndani imelazwa mshazari upande mmoja, ya nje mshazari upande wa pili, na katikati kuna kitambaa kilicholoweshwa mafuta. Mafundi wetu hawajengi hivyo, wetu hulaza mbao kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Lakini babu yako angeweka kiganja juu ya ubavu ule akajua papo hapo kwamba aliyeuunda alikuwa fundi.

Mwezi wa Juni 1944, majeshi yalipovuka kwenda kuikomboa Ufaransa, Medusa ilitangulizwa gizani. Mbele kulikuwa na mabomu yaliyotegwa majini, na vyombo vya kuyasafisha vilihitaji alama ya kuvionyesha mdomo wa njia ulipo. Alama hiyo ilikuwa Medusa yenyewe. Ikasimama pale zaidi ya saa 30 katika bahari chafu, meli zikipita ubavuni mwake kwenda pwani waliyoiita Omaha. Haikuteka kitu, na kazi yake yote ilikuwa kutosogea. Ebu fikiria, Salim, kushikilia chombo chepesi mahali pamoja usiku kucha, mkondo unakusukuma, na ukisogea kidogo unawapoteza walio nyuma yako. Babu yako aliyekesha akingoja meli nje ya Kilindini wakati wa kusi angeielewa kazi ile bila kuelezwa.

Baada ya vita iliendelea na kazi ya kupima vina vya bahari, hadi mwaka 1965 jeshi la majini lilipomalizana nayo. Ingeweza kuishia kuni. Wakatokea watu wa kujitolea, wakaishika, na baada ya miaka mingi na matengenezo makubwa mno, leo inatembea kwa mashine mbili za dizeli za Gardner, silinda nane kila moja. Nahodha aliye juu hashiki mashine. Anatuma amri kwa kengele, na aliye chini anaitii bila kuona nje. Nilipoelezwa hayo moyo ulinidunda, kwa sababu kwenye boti yetu ilikuwa vivyo hivyo. Babu alivuta kamba, kengele ikalia chini kwa mjomba wako Ali, naye akajua ni mbele, nyuma au simama. Ile kamba bado ipo? Kengele je? Nenda ukaangalie.

Upande wa pili wa maji iko nyingine, namba yake 102, iliyoundwa mwaka 1936 kule Hythe, karibu na Southampton, katika karakana ya Hubert Scott-Paine. Hii ni ya mbio. Kazi yake ilikuwa kuwakimbilia marubani wa ndege walioangukia baharini kabla baridi haijawaua. Katika miezi miwili tu ya mwaka 1941 iliokoa watu 38, na miongoni mwao walikuwemo wa ndege mbili za Wajerumani, maadui. Vita vilipokwisha ikageuzwa nyumba ya kuelea kwenye kijito cha Dartmouth. Mtu aliishi ndani, akapika na kulala mle. Ilianza kukarabatiwa mwaka 1993, na mwaka 1996 ikashushwa tena majini, akiizindua mama yake Malkia Elizabeth. Mimi siidharau ile miaka ya kuwa nyumba. Kama yule mtu asingeikalia na kuitoa maji kila siku, leo pasingekuwa na cha kukarabati.

Sasa nikwambie za Dunkirk, maana hizi ndizo zilizonifanya nikuandikie kurasa badala ya mistari miwili.

Mwishoni mwa Mei 1940 jeshi la Uingereza na la Ufaransa lilizingirwa na Wajerumani kwenye pwani ya Dunkirk, Ufaransa. Kuanzia tarehe 26 Mei hadi 4 Juni waliokolewa watu 338,226. Wengi walipandia meli kubwa kwenye ukuta wa bandari. Lakini maelfu kwa maelfu walikuwa ufukweni, na ufukwe ule maji yake ni mafupi, meli haisogei. Askari walisimama majini hadi kifuani wakingoja. Hapo ndipo vilipohitajika vyombo vidogo, vyenye kina kifupi, vya kuwachota watu na kuwapeleka meli zilikotia nanga. Vikakusanywa mito na bandari zote za kusini, na Teddington peke yake, juu ya mto Thames, fundi mmoja wa boti, Douglas Tough, alikusanya zaidi ya mia moja.

Watu hupenda kuvisimulia kama vile vilizaliwa siku ile. Mimi kilichonishika ni kazi zake za kabla. Chukua boti sita za Leigh-on-Sea, kwenye mdomo wa Thames. Zilikuwa za wavuvi wa kombe, wale viumbe wadogo wa magamba. Maji yakiwamo zilielea juu ya fungu, maji yakitoka zikakaa chini kwenye tope, wavuvi wakashuka na mareki na vikapu, wakaokota, wakasubiri maji yarudi ziwainue. Kwa kazi hiyo ziliundwa na matumbo mapana, kina kifupi, na mataruma, zile mbavu za ndani, ya kustahimili kukaa chini kila siku. Zilipofika Dunkirk tarehe 31 Mei, ufukwe ulioshinda meli za kivita kwao ulikuwa ni kazi ya kila siku. Hakuna mwanajeshi aliyechora umbo lile. Lilichorwa na kombe na tope, na miaka ya watu maskini kutafuta riziki.

Moja kati ya sita, Renown, haikurudi. Mashine iliharibika njiani, mwenzake Letitia akaivuta, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni ikagonga bomu la majini. Wanne waliokuwemo walikufa wote. Endeavour, iliyoundwa mwaka 1926, ilirudi, ikaendelea na kombe zake kama kawaida, na baada ya kupita mikononi mwa wengi sasa imetengenezwa na iko kwao Leigh.

Na kuna Sundowner. Ilianza mwaka 1912 kama boti ya mvuke ya jeshi la majini. Baadaye aliinunua Charles Lightoller, yule afisa wa ngazi ya juu kuliko wote walionusurika kwenye Titanic, akaitia mashine mpya ikawa ya matembezi ya familia. Ilipotakiwa Dunkirk alisema kama ni kwenda, ataipeleka yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka 66. Akamchukua mwanawe Roger na kijana mmoja wa skauti, wakavuka tarehe 1 Juni. Boti ambayo haijawahi kubeba zaidi ya watu 21 ilirudi Ramsgate na askari wanaokaribia 130, wamelazwa chini, wamebanwa kila pembe, ndege zikiwashambulia njiani na mzee akikata usukani huku na huku kuzikwepa. Kijana wake mdogo, Brian, alikuwa ameshauawa katika vita hivyohivyo. Nikilifikiria hilo nanyamaza. Mzazi aliyefiwa na mmoja akamchukua wa pili kwenda kuokoa watoto wa wengine.

Na Lucy Lavers, boti ya uokoaji, mpya kabisa wakati ule. Safari yake ya kwanza ya kazi ilikuwa Dunkirk. Baadaye ilistaafishwa, ikawa boti ya rubani wa bandari, yule anayeziongoza meli kuingia, kule Jersey, ikapeleka wazamiaji, kisha ikaachwa. Mafundi wa Norfolk ndio walioiinua, na mwaka 2015 ikavuka tena. Soma hapo mara mbili, Salim: boti ya rubani. Kazi ya babu yako ilikuwa hiyohiyo, kumpeleka rubani nje akapande ngazi ya meli bahari ikichafuka, na kumrudisha salama.

Wenye vyombo hivi wana chama tangu miaka ya 1960, na kila baada ya miaka mitano huvuka pamoja kwenda Dunkirk. Mwaka 2025, mwaka wa themanini na tano, walitoka Ramsgate mwezi wa Mei, nikaenda kuwatazama. Bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu kwenye omo ni haki yao, na chombo hakiingii chamani kwa maneno, lazima ithibitishwe kwamba kilikuwepo. Hilo nimelipenda sana. Zipo boti nyingine nilizoziona mahali kwingine, vanishi inang'aa kama kioo, viti vya ngozi, shaba haina alama ya kidole, na ukimuuliza mwenyewe ilikuwa ikifanya nini zamani hajui. Ni nzuri, lakini sikukaa nazo. Ninazokaa nazo ni zile ambazo fundi amebadilisha ubao uliooza tu, akaunga mpya kwenye wa zamani kwa mshono mrefu wa mshazari, na palipolika kwa kamba pakaachwa palivyo. Pale paliposuguliwa na kamba ndipo kazi ilipoandikwa. Ukipasawazisha kwa randa umefuta.

Boti yetu haikwenda Dunkirk, najua. Wala sitaki umwambie mtu kwamba ilikwenda vitani. Lakini ina kazi yake, na walioiona ikiifanya wanapungua. Kwa hiyo nisikilize.

Kwanza, kabla hujagusa chochote, piga picha ndani na nje, kila taruma, kila bamba la shaba, na namba iliyochongwa kwenye boriti ya mlango wa mashine. Pima urefu, upana na kina, uandike daftarini. Weka magogo chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na vishikizo kila upande, maana chombo kilichokaa nchi kavu bila kushikwa sawasawa hulegea na kupinda, na kikishapinda umbo la fundi limepotea. Kijengee banda la makuti. Jua likikipiga mbao zinakauka, mishono inafunguka. Na mvua pia ni adui kuliko bahari. Maji ya chumvi huhifadhi mbao, maji matamu yakituama ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ndiyo yanayoozesha. Toa yaliyomo, fungua vifuniko upepo upite. Usiipake rangi kuifanya ipendeze, itaficha palipooza.

Mashine, itie mafuta na uizungushe kwa mkono kila wiki, hata kama haitawaka mwaka huu. Usikubali itolewe "ili itunzwe dukani". Mashine ikitoka ndani ya boti hairudi.

Na muhimu kuliko yote, nenda kwa mzee yule wa Likoni aliyekuwa serehangi wa babu, msimamizi wa mabaharia wake. Nenda na simu yako, umwombe ruhusa umrekodi. Muulize waliiunda wapi na fundi nani, mbao zilitoka wapi, siku ya bahari mbaya walikuwa wakiikaribia meli kutoka upande gani, kengele ngapi zilikuwa mbele na ngapi nyuma. Usimharakishe. Mchukulie kahawa na halua, na umpe salamu zangu, mwambie ni binti wa nahodha wake anayeuliza.

Huyo mnunuzi mwambie mama amekataa, asikuone wewe mbaya. Pesa za makuti na magogo nitazituma mwisho wa mwezi, na za fundi wa kukalafati tutazungumza ukishanitumia picha. Anza na za ngamani, kwenye mkuku, upande wa tezi. Hapo ndipo babu alipokuwa akilalamika kila mwaka, nataka kujua pakoje.

Wasalaam,
Mamako