Filamu za kutisha zisizomsingizia mtoto ulozi

Bwana Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa burudani uliopendekeza filamu za kutisha za kutazama wakati wa likizo, nami naomba nafasi ya kuongeza aina ambayo haikutajwa: filamu zinazokusanya hadithi fupi kadhaa kwa pamoja, na vipindi vya televisheni ambavyo kila sehemu yake ni kisa kinachojitegemea. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na sababu yangu si burudani peke yake. Filamu nyingi za kutisha ambazo watu wa Lubumbashi wanatumiana kwa simu zinafuata njia ileile: balaa linaingia nyumbani, mtoto au bibi kizee anatajwa kuwa mlozi, mchungaji anaitwa, na mtazamaji anainuka akiwa amesadiki kwamba aliyetajwa ndiye mwenye kosa. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, ambayo inaadhibu kumsingizia mtoto ulozi, lakini wazazi wengi ninaokutana nao hawajapata kuisikia, ilhali filamu hizo wanazijua kwa moyo.

Ninachokipendekeza kwanza ni The Twilight Zone, kipindi cha Marekani kilichobuniwa na Rod Serling na kuonyeshwa tangu 1959 hadi 1964, chenye sehemu 156, ambacho kwa Kifaransa kinajulikana kama La Quatrième Dimension. Msomaji aanze na kisa cha mwaka 1960 kiitwacho The Monsters Are Due on Maple Street. Umeme unakatika katika mtaa mtulivu, simu hazifanyi kazi, magari hayawaki, na mvulana mmoja anasimulia alivyosoma kwamba wavamizi kutoka anga za juu hutanguliza familia inayofanana kabisa na watu. Mara gari la jirani mmoja linawaka lenyewe. Tangu hapo kila tabia ya mtu inageuzwa kuwa ushahidi: huyu husimama nje usiku akitazama nyota, yule ana redio ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Anayeuawa kwa risasi ni jirani aliyekuwa amekwenda tu kuangalia hali ya mtaa wa pili na sasa anarudi gizani. Kisa chote hakifiki nusu saa, na sijaona filamu nyingine inayoonyesha waziwazi hivyo jinsi watu wema wanavyofika mahali pa kumshika mwenzao, jambo ambalo sisi wa komuni za Lubumbashi kama Kenya na Katuba, tuliozoea giza la ghafla na maneno yanayozaliwa ndani yake, tunapaswa kulitazama kwa makini.

Ya pili ni Tales from the Hood, filamu ya Rusty Cundieff ya mwaka 1995, ambamo vijana watatu wanaingia katika nyumba ya mazishi na mwenye nyumba hiyo anawasimulia habari za maiti zake, moja baada ya nyingine. Katika mojawapo ya visa hivyo mwanafunzi anafika shuleni na majeraha, akasema kwamba zimwi linamjia nyumbani. Mwalimu wake hampeleki popote kuombewa. Anakwenda kuona mwenyewe, na zimwi hilo ni mwanamume anayeishi na mama wa mtoto. Ningependa kila mwalimu na kila mchungaji wa mji huu akitazame kisa hicho. Filamu yenyewe ina ukatili na lugha kali, kwa hiyo ni ya watu wazima, wala isiachwe iendelee kuonyeshwa huku watoto wamekaa mkekani.

Kwa wenye subira ipo Kwaidan ya Masaki Kobayashi, kutoka Japani, ya mwaka 1964, iliyopata tuzo maalumu ya jopo la waamuzi huko Cannes mwaka uliofuata. Ina hadithi nne na inachukua takriban saa tatu. Katika mojawapo, kipofu anayepiga kinanda cha nyuzi anaitwa usiku na mizimu ya mashujaa waliokufa vitani awaimbie habari za vita vyao, na hakuna anayemtuhumu. Watawa wanajitahidi kumlinda kwa kumwandika maneno matakatifu mwili mzima, wakasahau masikio. Waingereza nao wana Dead of Night ya 1945, ambayo bado inatisha.

Kwa vijana wetu wanaorekodi filamu kwa fedha kidogo, kisa cha dakika ishirini katika nyumba moja ndicho kilicho ndani ya uwezo wao. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilikwisha kuonyesha kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kinatosha jukwaani na kwenye televisheni.

Kwa hiyo nawaomba, mtakapochapisha orodha nyingine, mtaje pia umri unaofaa kwa kila filamu, mseme kama inapatikana kwa Kifaransa, na mwonye wazi pale ambapo mtoto ndiye anayefanywa mlozi wa hadithi.

Mwalimu, Kamalondo, Lubumbashi