Shukrani kwa baba wa Mombo

Wewe baba wa kanzu uliyetusaidia pale Mombo Ijumaa ile, jina hukutuachia, basi tunakushukuru hapa hapa. Tulikuwa tunamsindikiza bibi yetu kutoka Tanga mjini kwenda kumzika kwao Mlalo, ambako wamisionari wa Kijerumani walifika 1891. Gari likachemsha hata kabla ya kona za Soni. Ukaacha kibanda na wateja, ukaja na madumu mawili ya maji, ukafunga hosipaipu iliyopasuka kwa mpira wa baiskeli. Hela ukakataa.

Bibi alivuka miaka tisini. KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, inaundwa 1963, yeye tayari yuko kwaya. Kitabu chake cha nyimbo alikishona mgongo kwa uzi wa katani, na chai alikuwa haionji kabla ya sala. Sisi wajukuu tukisinzia, alitufinya bila kufumbua macho (tena alijua nani hasa!).

Gari lilipoondoka ulisimama, mkono kifuani. Mama ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Dumu moja tuliondoka nalo. Tutalirudisha.