Mama anafanya mazoezi, ila hajaulizwa vizuri

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya afya wiki iliyopita ilisema kucheza muziki kunazuia ugonjwa wa kusahau "kwa asilimia 76". Namba hiyo ninaijua. Tatizo langu ni hilo neno "kunazuia".

Ilitoka Bronx, New York, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Wazee 469 waliovuka miaka 75 walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano, na 124 kati yao wakapata maradhi hayo. Katika shughuli 11 za mwili zilizoulizwa, ni kucheza muziki peke yake kulikoandamana na hatari ndogo. Lakini hakuna aliyepangiwa acheze au asicheze, waliangaliwa tu. Na mzee ambaye akili imeanza kumchenga huenda akajitoa ukumbini mapema, kabla hata daktari hajajua. Hapo utasema ngoma imemlinda nani?

Hata hivyo sikuja kuipiga vita ngoma. Mama yangu ana miaka 71, ana presha, na ana kikundi chake cha ngoma hapa Tanga. Hukutana Jumanne na Alhamisi jioni, na wenyewe huita "mazoezi". Mwone harusini mduara ukikolea: viatu anavisukuma chini ya kiti, khanga anaikaza kiunoni, huyo anaingia. Akitoka saa nzima imekwisha, mgongo umelowa chapachapa, na maji anayaomba kwa ishara maana pumzi bado haijarudi.

Kliniki muuguzi humuuliza, "Bibi, unafanya mazoezi?" Naye hujibu, "Mazoezi na magoti haya, mwanangu?" Inaandikwa hapana. Anaambiwa awe anatembea nusu saa kila siku, tunarudi nyumbani.

Uingereza waliuliza vingine. Katika tafiti zao za afya, watu wazima waliulizwa waziwazi kama wamecheza dansi ndani ya wiki nne zilizopita, mara ngapi, na kwa nguvu kiasi gani. Ndiyo maana mwaka 2016 watafiti waliweza kuchambua taarifa za watu 48,390 wa miaka 40 na zaidi, wakakuta waliocheza kwa nguvu ya wastani walikuwa na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa karibu nusu ya ile ya wasiocheza. Kwa waliocheza polepole tofauti hiyo haikuonekana. (Kasoro ya kuangalia tu ipo hapa pia, sikatai.)

Huko Magdeburg, Ujerumani, wazee waliojifunza mitindo mipya ya dansi kwa miezi 18 waliimarika katika kusimama bila kuyumba kuliko wenzao wa mazoezi ya kawaida. Ila waliochambuliwa hawakufika 30, kwa hiyo tusiishangilie sana.

Ninachoomba kliniki zetu hakihitaji mashine. Wamuulize mama: unacheza ngoma? Siku ngapi kwa wiki? Unatoka jasho? Akisema ndiyo, wamweleze pia mtu anayemeza dawa za presha apumzike lini na anywe maji kiasi gani, maana pale kliniki hadi leo hakuna anayejua kwamba mama hucheza saa nzima mfululizo.

Tarehe yake ya kliniki ni mwezi ujao. Nimemwambia safari hii asiwahi kutaja magoti.

Msomaji wenu,
Tanga