Barua ya wazi kwa mdogo wangu: mtoto asisubiri mavuno

Mdogo wangu,

Wasalimie wote hapo nyumbani Chamwino. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako unayeambiwa usubiri kumpeleka mtoto hospitali. Bahi, Kongwa, Mpwapwa, kote huko wapo akina baba wenye mtoto ambaye kichwa kinakua kuliko mwili, na wanaambiwa maneno hayo hayo.

Alicho nacho mwanetu ni kichwa maji. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vyenye maji maangavu, nayo hutengenezwa usiku na mchana. Kwa mtu mzima hufika kama nusu lita kwa siku. Maji hayo huzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa yakarudi kwenye damu. Njia ikiziba, hayaachi kutengenezwa, kama bomba linalomwaga kwenye karo lililoziba. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, ndiyo maana kichwa kinatanuka, na huku ndani ubongo unazidi kubanwa. Utosi kuvimba, mishipa kujitokeza kichwani, macho kuelekea chini hadi weupe unaonekana juu ya mboni, kutapika, kulia bila kubembelezeka: yote hayo yanatokana na msukumo huo.

Sasa nisikilize kama dada yako. Nimesikia mkeo anaulizwa alikanyaga nini akiwa mjamzito, alimkosea nani. Hakumkosea mtu. Wengine huzaliwa njia ikiwa nyembamba au imeziba, wengine huvuja damu kwenye ubongo kwa kuzaliwa njiti, wengine huwa na mgongo wazi. Kwa nchi jirani ya Uganda, madaktari wa hospitali moja mjini Mbale waliona kwamba watoto wengi waliowatibu walipata tatizo hili baada ya maambukizi makali ya uchanga. Unaikumbuka ile homa aliyopata kabla ya arobaini? Daktari ndiye atakayesema kama inahusika, lakini mtajie, usiifiche. Na hao ndugu waambie wewe mwenyewe, mkeo akiwepo anasikia, kwamba hakuna laana hapa.

Chale za utosini ziishe. Hakuna dawa ya kupaka inayofika kwenye vyumba hivyo, ila vijidudu hupita kwenye chale. Kichwa kikiwa na maambukizi, daktari hulazimika kuyatibu kwanza kabla ya kuweka mpira, na wakati huo wote maji yanazidi kujaa.

Huo mpira ndio wanaouita shanti. Ni mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi, kutoka kwenye chumba cha ubongo hadi tumboni, na una valvu ya kudhibiti maji yanayoshuka. Tumbo huyanyonya. Njia nyingine ni kuingiza kamera ndogo na kutoboa tundu ndani ya ubongo ili maji yapate pa kupita. Huko Mbale, Daktari Benjamin Warf aliunganisha upasuaji huo na kuunguza sehemu ya tishu zinazotengeneza maji, na watoto wengi wakapona bila mpira. Ipi inamfaa mwanetu, atasema daktari baada ya kipimo.

Sitakudanganya kwamba mpira ukishawekwa mambo yamekwisha. Unaweza kuziba au kupata maambukizi, hasa miaka ya mwanzo. Akipata homa, akitapika, akilala usingizi usio wa kawaida au utosi ukivimba tena, ni kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile upasuaji huzuia madhara yasizidi. Sehemu ya ubongo iliyokwisha kuharibika haiwezi kurudishwa yote. Ndiyo maana nilishtuka uliposema mtakwenda mkishavuna alizeti. Miezi ya kwanza ndiyo kichwa cha mtoto hukua kwa kasi kuliko wakati wowote.

Kesho asubuhi nendeni kituo cha afya, wampime mzingo wa kichwa na kuuandika, kisha waandike rufaa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma mjini. Utosi ukiwa wazi, ultrasaundi inaweza kuonyesha maji bila sindano wala kumlaza usingizi. Habari ya pesa isikuzuie. Sera ya afya inawasamehe gharama watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali. Ukiambiwa ulipie kitu usichokiweza, muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaondoka.

Na mkeo akifikiria mtoto mwingine, aanze foliki asidi, vitamini inayopunguza hatari ya mgongo wazi, kabla ya kushika mimba, maana uti wa mgongo hujifunga katika wiki 4 za kwanza, wengi wakiwa hawajajua. Unga tunaosaga wenyewe mashineni kwa kawaida hauongezwi kirutubisho hicho.

Mama amekubali kubaki na wakubwa. Mimi nitawapokea stendi, mtafikia kwangu. Mpe mkeo simu, nataka nizungumze naye leo.

Dada yako