Chale alivalishwa njuga, akanyang'anywa maneno

Ndugu Mhariri,

Majuzi msomaji wenu mmoja aliusifu mchezo wa kuigiza ulioonyeshwa na shule moja ya msingi hapa Jinja, hasa kwa adabu yake. Mimi ndiye fundi niliyeshona nguo za mchezo ule, na hiyo adabu naijua ilivyopatikana.

Mwalimu aliyeutunga alikuja kibandani kwangu Walukuba na picha kwenye simu. Mtu kavaa nyekundu tupu, kajikunyata kitini, na nyuma yake watu wanacheza dansi. Akaniambia huyu ni Stańczyk, chale wa wafalme wa Poland, na aliyemchora ni Jan Matejko, mwaka 1862. Nikamwuliza, chale gani huyu amenuna? Akasema zimekuja habari kwamba mji wa Smolensk umetekwa na adui, na katika jumba zima anayeumia ni yeye peke yake.

Basi nikashona. Nyekundu ya namna ile kwa bei ya shule huipati, nikaunga poplini na mabaki ya sare. Njuga nilitengeneza kwa vifuniko vya soda, ishirini na vinne, nikavigonga bapa na kuvitoboa kwa msumari. Kijana wa darasa la sita aliyepewa nafasi hiyo alipokuja kujaribu, kumvua ikawa kazi.

Ufalme wenyewe ni wa kubuni, uko chini ya ziwa, na mfalme wake anavaa taji la magamba ya sangara. Siku moja anataka kuwaonyesha wageni ushujaa, anaagiza mamba aliye tunduni afunguliwe ili amwinde. Mamba anatoka, wageni wanakanyagana, malkia anaanguka chali, chale anatimua mbio wa kwanza. Mfalme anamfokea kwamba ni mwoga na mjinga. Chale anajibu: "Mimi nimemkimbia mamba. Wewe alikuwa amefungwa, ukamfungulia. Mjinga zaidi nani?"

Kijana alilisema hilo karibu na cherehani yangu, na mama aliyekuwa akingoja gomesi yake akacheka mpaka akakaa chini. Tena mwalimu hakulitoa hewani. Husimuliwa kwamba Stańczyk alimjibu hivyohivyo Mfalme Sigismund mwaka 1533, baada ya dubu aliyefunguliwa kwa ajili ya mawindo kuzua balaa na Malkia Bona kuanguka kutoka kwenye farasi.

Siku tatu kabla ya onyesho, wakubwa wa shule wakasikia mgeni rasmi ni mtu mzito. Wakaagiza jibu la chale liondolewe, mfalme asitukanwe mbele ya mkubwa. Na chale mwenyewe? Abaki, nguo zimeshalipiwa! Kwa hiyo mlichokiona, wasomaji, ni mtoto aliyepita jukwaani mara mbili akiliza njuga kama mbuzi mwenye kengele. Mfalme alipomfokea, akainamisha kichwa. Hiyo ndiyo adabu iliyosifiwa.

Nimeambiwa kwetu mfalme hajibiwi. Labda. Lakini marehemu baba, aliyefanya kazi kiwandani hapa hapa, alitulaza kwa visa vya Abunuwasi, na sikumbuki usiku ambao Harun Rashid hakuaibishwa. Kesho yake alimwita tena. Sisi watoto hatukuacha kumheshimu baba kwa sababu hiyo, ingawa kaka yangu alijaribu kumjibu siku moja na matokeo nayaacha.

Huyo mgeni rasmi nilikaa viti viwili nyuma yake. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kama angekasirika. Chale alipopita mara ya pili, nilimsikia akimwuliza jirani yake, "Huyu mwenye njuga kazi yake nini?" Jirani hakuwa na jibu.

Mchezo utarudiwa kabla ya muhula kwisha, na nguo zimeletwa kwangu kurekebishwa. Kofia imechanika pembe moja. Nitaishona bila malipo kama lile jibu litarudishwa. Wakikataa, nitatoza bei ya kawaida, na njuga ni zangu nitazing'oa.

Alhamisi kijana alikuja kupimwa upya, amerefuka. Nilipokuwa nimeshika futi kiunoni mwake, akalisema lile jibu polepole, kisha akaniuliza, "Mzee, kwa sauti hii wa nyuma watasikia?"

Fundi cherehani,
Walukuba, Jinja